Alhamisi Isiyo na Chakula

Shule yetu, iliyo kando ya barabara ya kwenda Plateau, huendeshwa na ringi kuukuu ya lori inayogongwa kwa chuma badala ya kengele. Nanzala, mwenyekiti wa klabu ya kompyuta, aliapa kuistaafisha. Aliandika programu ya kuwekwa ndani ya chipu ndogo, iwe ikipiga kengele zote yenyewe.

Mwalimu Okumu, naibu wa mkuu wa shule, hakushawishika.

"Nionyeshe wiki nzima bila kosa. Ikikosea, chumba chenu naweka mahindi."

Nanzala hakuwa na wiki ya kungoja. Aliiendesha programu hiyo kwenye kompyuta ya mezani, kisha akaandika nyingine kwa lugha ya Python, kazi yake kukagua kengele na kuidanganya ile ya kwanza kuhusu saa, ili wiki ipite kwa dakika chache. Kila kengele ingelia kwenye spika ya kompyuta.

Mimi, Tyson, raia mwema, niliona ni dhuluma shule nzima kunyimwa onyesho hilo. Nikavuta waya hadi spika za uwanjani.

Mwalimu Okumu akiwa amesimama nyuma yetu, Jumatatu ya kompyuta ikaanza. Ikalia kengele ya chakula. Kidato cha kwanza kikatimka kwenda bwaloni, sahani mkononi. Kabla hawajafika, kengele ya darasa. Wakageuka. Kufikia Jumatano shule nzima ilikuwa imesimama katikati ya uwanja, ikishangilia kila mlio.

"Tyson," Mwalimu Okumu akauliza polepole, "huo waya unaenda wapi?"

"Kwa wananchi, Mwalimu."

"Wee Tyson! Umenimaliza!" Nanzala akalia.

Alhamisi ikaingia. Kengele ya chai. Ya darasa. Kisha, moja kwa moja, ya michezo. Nje kukazuka ghasia: "Na chakulaaa?"

Nanzala akaganda. Python ilikuwa imekagua kila kengele aliyoiandika. Ile ya chakula cha Alhamisi, aliyosahau kuiandika, haikuwa na wa kuidai. Sasa ilikuwa na shule nzima.

Mwalimu Okumu akatazama skrini, akatazama uwanja.

"Afadhali wapige kelele leo kuliko walale njaa Alhamisi. Rekebisha, Nanzala. Mahindi yatatafuta pengine." Akanigeukia. "Na wewe, mpaka chipu ifungwe, ringi ni yako."

Naigonga kwa heshima zote. Ila leo ni Alhamisi, na kengele ya chakula imewahi kidogo. Naogopa kusahau.