Mstari wa Kusubiri

Muuguzi hakupiga simu. Alimfuata mdogo wake wa kike mpaka ofisini, na sare yake ya kazi mwilini, akasimama mbele ya meza yake.

"Chanjo zote zimeharibika. Kina mama nimewarudisha nyumbani na watoto wao mgongoni. Na kile kikompyuta chako kwenye ukuta wa zahanati bado kinaniambia friji iko salama!"

Mdogo mtu akafungua msimbo, yale maandishi yanayoiendesha programu ya kikompyuta kile. Programu ile ya kulinda friji za zahanati ilikuwa huria: yeyote aliruhusiwa kuichukua bure, kuisoma na kuirekebisha. Yeye ndiye aliyeiweka kwenye zahanati ya dada yake, na majuzi akaifanyia usafi. Alikuta mstari mmoja unaoiamuru programu isubiri kidogo kabla ya kusoma kipimo cha joto. Isubiri nini? Hapakuwa na hata neno moja la kueleza. Akauona mzigo tu, akaufuta.

Sasa alijua. Umeme ulikatika, ukarudi, lakini friji haikuwaka tena. Kipimo nacho huchelewa kuamka. Programu ikakisoma kikiwa bado usingizini, ikaokota joto la jana, ikang'ang'ania hilo hilo.

Aibu ilimshika, kisha damu ikamchemka, na ilikuwa haki yake. Mtu anaumiza kichwa, anagundua jambo la kuokoa chanjo za watoto, halafu anaona uvivu kuandika sentensi moja! Unampa mwenzio kisu bure, sawa, lakini unamfungia ndani ya kitambaa bila kumwambia kuna kisu?

Akampigia simu aliyeiandika programu ile tangu mwanzo na anayepitisha marekebisho yake, ambaye wenzake humwita Bingwa.

"Umefuta mstari ule?" Bingwa akaguna. "Ah, dada yangu! Kila mtu anajua kipimo kile kinachelewa."

"Kila mtu nani?"

"Sisi tuliokuwepo mwanzoni."

"Yaani wewe na marafiki zako! Sisi wengine tuote ndoto?"

"Msimbo ukiandikwa vizuri hujieleza wenyewe."

"Basi uambie uje huku ujieleze kwa kina mama!"

Bingwa akasema, kwa sauti ya mtu anayetaka yaishe, "Haya, andika wewe hayo maelezo. Nitayapitisha."

Mdogo mtu akaurudisha mstari, na juu yake akaandika: "Usiufute. Umeme ukirudi, kipimo huchelewa kuamka. Ukiufuta, programu itasema friji ni baridi huku chanjo zinaharibika, na muuguzi atawarudisha kina mama na watoto wao nyumbani." Akamtumia Bingwa.

Jibu la Bingwa halikukawia. Maelezo ni mazuri, alisema, ila ile habari ya muuguzi na kina mama iondolewe, maana si ya kitaalamu.

Mdogo mtu alimsomea dada yake jibu hilo. Dada mtu akavuta kiti, akakaa kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Siku ile unafuta, ungeyakuta maneno hayo, ungefuta?"

"Nisingethubutu, dada."

"Mimi kesho nawaona tena wale kina mama. Sina cha kuwaambia. Usimkubalie."

Mdogo mtu akamwandikia Bingwa: "Hayo ya muuguzi na kina mama ndiyo yanayobaki. Ukitaka kupunguza, punguza yale mengine."