Dishi Juu ya Bati la Genoveva

Dishi lilipanda juu ya bati la Genoveva mwezi wa sita, na tangu siku hiyo hapakuwa na mtu wa Gehandu aliyepita njia ya chini bila kuinua macho. Lilikuwa kubwa, jeupe, la mtumba, limeng'olewa kwenye nyumba ya wageni huko Katesh. Safari, fundi aliyelifunga, alimhakikishia kwamba ni la chaneli za bure: hakuna kulipia mwezi, habari zimo, za dini zimo, mama, utaangalia mpaka uchoke. Akavuta waya hadi sebuleni, akachomeka king'amuzi, kikawasha taa yake nyekundu. Kisha akauliza, "TV iko wapi, mama, nikutafutie chaneli?"

"Inakuja," alisema Genoveva. "Hilary anaileta kutoka Arusha."

Hilary, mwanawe, alikuwa ameahidi kweli. Lakini mwezi wa saba ulipita, na wa nane nao, televisheni haijaonekana. Mwingine angenyamaza akangoja. Genoveva alifuma kitambaa. Alichukua sanduku la mbao ambalo Onesphory mumewe aliwekea mbegu za mahindi, akaliweka juu ya meza, king'amuzi mbele yake, akafunika vyote kwa kitambaa cheupe chenye maua ya njano. Ukichungulia kutoka mlangoni ungeapa ni televisheni. Wageni wake aliwapokea nje, akidai ndani kuna joto, na kwa upepo ule unaoshuka mlimani hakuna mtu aliyewahi kulalamikia joto Gehandu.

"Siku moja mbegu zangu zitasoma taarifa ya habari," Onesphory alimtania.

Yeye alicheka tu. Watu walishaanza kusema "pale kwenye dishi" wanapoelekeza njia, na jambo hilo lilimpendeza kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Kisha ikaja Jumapili moja ya mwezi wa tisa. Baada ya misa, Sulle, mwenyekiti wa jumuiya, alitangaza kwamba Modest, mtoto wa Marieta, atapewa upadri Alhamisi huko Songea, na misa itaonyeshwa moja kwa moja kwenye televisheni. Vigelegele vilipigwa mpaka njiwa wakaruka darini. Marieta mwenyewe alikuwa na miaka sabini na kitu, miguu imevimba, macho yameingia ukungu. Safari ya siku mbili kwenye basi asingeiweza. Ignasi, mwanawe mkubwa, alishatangulia kwa niaba ya ukoo. Sulle akasema lori la Patriki litawapeleka watu Katesh, kuna ukumbi wenye televisheni kubwa, na Mama Modest atakaa mbele na dereva.

"Si Mama Hilary ana dishi?" mtu mmoja akauliza kutoka nyuma.

Kanisa zima liligeuka. Genoveva akajikuta amesimama. "Kwa nini mama ateseke kwenye lori na miguu hiyo? Aje kwangu. Chaneli ni za bure, atakaa mbele kabisa."

Walimpigia makofi. Alirudi nyumbani akiwa mwepesi, akampigia Hilary simu, na Hilary akaapa kwamba televisheni itapanda basi la Jumanne. Jumanne jioni Hilary akapiga yeye. Mambo yamembana, alisema, mama avumilie hadi mwezi ujao.

Bado alikuwa na Jumatano nzima. Nyumba ya Marieta ni mwendo wa dakika ishirini tu. Alitoka asubuhi, akafika kwenye korongo, akageuka. Alitoka tena jioni, na safari hiyo hata korongoni hakufika. Alikuwa anaona nyuso za kanisani zikimgeukia kama Jumapili, ila bila makofi. Akajiambia labda kesho mvua itanyesha, labda mama wa watu ataamka na homa. Ndiyo, alimwombea mama wa watu homa.

Alhamisi mvua haikunyesha. Onesphory alichukua fimbo yake mapema akaenda mnadani. "Mimi kwenye hili simo," alisema. Saa moja lori la Patriki lilipita likiimba nyimbo za kanisa. Saa tatu na nusu Marieta alibisha hodi, amevaa kitenge kipya, mkononi ana kibuyu cha maziwa ya mgando.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wameshaanza?"

"Bado, mama."

Marieta aliingia mpaka sebuleni, akakivuta kigoda hadi magoti yakagusa meza, akatoa rozari. "Haya, washa. Nimekaa karibu nimwone vizuri."

Waongo wa siku hizi wamerahisishiwa kazi. "Umeme umekatika, mama," alisema Genoveva.

"Pole. Tutasubiri. Mungu hawezi kuninyima leo."

Wakasubiri. Genoveva alichemsha chai, akaimwaga nusu kwenye sahani. Simu yake ilikuwa ya kitochi, isingeweza kuonyesha kitu. Saa nne ikapita. Marieta hakulalamika, aliifuata misa kichwani mwake, kwa saa ya ukutani.

"Sasa wanamwita jina," alisema. "Anajibu, nipo hapa."

Baadaye kidogo akasema, "Sasa amelala kifudifudi." Akaanza kuimba litania kwa sauti ndogo ya kutetemeka, uso umelielekea lile sanduku la mbegu. Mtakatifu Maria. Mtakatifu Yosefu. Genoveva, kwa mazoea ya miaka hamsini, akaitikia "utuombee." Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Katikati ya watakatifu Marieta alinyamaza. Akainamisha kichwa, akakaza macho yake mabovu.

"Mama Hilary. Hicho chekundu ndani ya kitambaa ni nini?"

Ilikuwa taa ya king'amuzi, inawaka bila wasiwasi, maana umeme ulikuwepo tangu asubuhi. Njia ya mwongo ni fupi.

Marieta akakifunua kitambaa mwenyewe. Akapapasa ubao, akapapasa kona zake, akainua kifuniko, akachota mbegu mkononi, akaziachia zirudi taratibu. Kisha akafunika tena, akanyoosha maua ya njano yakakaa sawa.

"Mbegu nzuri," alisema.

"Mama..."

"Misa haijaisha. Acha nimalize na mwanangu."

Akakaa pale hadi saa saba na nusu, rozari inazunguka vidoleni, mbele ya sanduku. Genoveva alikaa naye kwa sababu hakuwa na pa kwenda. Angetukanwa angeshukuru.

Walipotoka alimsindikiza, hatua mbili nyuma yake. Kwenye njia panda walikutana na lori la Patriki linarudi, limejaa watu wenye furaha na vumbi. Sulle aliruka chini kabla halijasimama.

"Mama Modest! Umemwona?"

Marieta alinyoosha kitenge chake. "Nimemwona," alisema. "Amependeza sana."

Mama wa padri alikuwa amesema uongo, siku ya upadri wa mwanawe, ili yeye Genoveva asichekwe.

"Na mwishoni je, alipochukua maiki akakusalimia?" Sulle aliendelea. "Kakuita kwa jina, mama, kwa Kiiraqw chetu, mbele ya maaskofu! Ukumbi mzima tumelia. Ila kelele zilituzidi, hatukusikia yote. Alikwambia nini?"

Genoveva aliuona mkono wa Marieta ukitafuta ncha ya kitenge, ukaishika, ukaikunja.

"Alinitaja jina?" aliuliza polepole. Kisha akajikaza. "Muulizeni Mama Hilary. Masikio yangu ni ya zamani."

Lori zima likamtazama Genoveva, kama kanisani. Angeweza kubuni. Salamu za mtoto kwa mama yake, nani angeshindwa kuzibuni? Sulle alikuwa anasubiri akitabasamu.

"Hakumwona," alisema Genoveva. "Wala mimi sikumwona. Kwangu kuna dishi tu. Televisheni haijawahi kuwepo. Pale kwenye kitambaa ni sanduku la mbegu, na nilijua tangu Jumanne kwamba haitakuja, nikanyamaza."

Alingoja wacheke. Hakuna aliyecheka. Patriki alizima injini, na Sulle akaanza kukung'uta vumbi kwenye suruali yake kama mtu aliyepoteza kitu.

Marieta alimgeukia, akamshika mkono. Hakuwa na hasira, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza kwa sababu hajui kweli.

"Sasa mbona hukuniambia jana, mwanangu?" alisema. "Asubuhi walinipitia. Lori lilikuwa na nafasi."