Posa ya Sekunde Ishirini

Mtu akiulizia historia ya reli yetu ya chini ya ardhi hapa Glasgow, wataalamu humwanzishia kwenye kamba. Kweli, kamba ilikuwepo. Mwaka 1896 treni zilikokotwa kwa kamba ya chuma iliyozunguka kutwa kucha chini ya jiji. Bibi yangu alipanda siku ya kwanza kabisa, siku hiyo hiyo ikatokea ajali, na reli ikafungwa zaidi ya mwezi. Mwaka 1935 ukaja umeme. Mwaka 1977 tukafungwa tena ili tujengwe upya. Hayo yote yameandikwa, na anayeyataka akayasome. Mimi, Ina Gilfillan, nilikuwa gadi wa treni kwa miaka kumi na tisa, na historia ninayoijua vizuri ni ya dereva wangu Hector Galbraith na sentensi moja iliyomshinda kusema.

Reli yetu ni duara. Ina vituo kumi na tano, na hakuna mtu aliyewahi kufika mwisho wake. Njia ni mbili, kila moja na handaki lake. Sisi wa duara la nje tulizunguka kulia, wenzetu wa duara la ndani kushoto, na hatukuonana ila kituoni, jukwaa likiwa katikati yetu. Dereva hukaa mbele, gadi nyuma. Basi treni mbili zinazopishana zikisimama, kichwa cha hii huwa sawa na mkia wa ile. Hivyo Hector alitazamana na gadi wao, Nettie Cairns, mwanamke mwenye nywele nyekundu na ulimi usiolala. Mimi huku nyuma nilitazamana na dereva wao, Sproul, aliyekuwa na mazungumzo ya aina moja tu duniani, nayo ni njiwa wake wa mashindano. Mpangilio huo sijausamehe hadi leo.

Tulikutana nao mara mbili kila mzunguko: Kelvinbridge kaskazini na Kinning Park kusini. Kati ya hapa na pale ni robo saa. Kila mara tulisimama sekunde ishirini, kisha mimi nafunga geti la behewa, napiga kengele, tunaondoka. Uchumba wa Hector ukaendeshwa kwa ratiba hiyo.

"Habari za leo, dada Nettie?" atasema Kelvinbridge. Kengele.

"Nzuri. Zako?" Nettie atajibu Kinning Park.

"Nzuri. Na mguu?" Kelvinbridge.

"Mguu gani?" Kinning Park.

"Si ulisema juzi unauma?" Kelvinbridge.

"Ule wa mama, bwana we! Wangu wa nini kuuma?" Kinning Park, na hapo saa ya chakula imefika.

Hawakunong'ona. Ukishaendesha treni zile zilizokuwa zikikutikisa kama dengu kwenye ungo, huna tena sauti ya kunong'ona. Kituo kizima kilisikia. Kulikuwa na ajuza mmoja wa Partick, Bi Purdie, aliyekuwa akipita kituo chake makusudi ili asikie jibu. Kichekesho ambacho Hector alikianza Jumatatu kilikuja kuchekwa Jumatano, na Bi Purdie ndiye aliyekicheka zaidi.

Mambo yakaenda hivyo miaka sita. Hector alikuwa na miaka arobaini na tisa, hajaoa, mwoga wa kila kitu kisichokuwa na reli. Januari ya 1977, pale Kinning Park, Nettie akamwambia, "Dada yangu wa Kanada ananiita nikaishi naye."

Nikapiga kengele. Ningejuaje? Sproul alikuwa akinieleza habari za njiwa aliyepotelea Ireland. Hector akaondoa treni na kukipita kituo cha Cessnock bila kusimama, abiria wakipiga madirisha na kumtaja mama yake. Tulipofika Kelvinbridge alikuwa mweupe kama chaki.

"Utakwenda?"

Robo saa nzima. Kinning Park. "Nitaamua kabla ya Juni. Itategemea kama hapa kuna cha kunizuia."

Hata jiwe lingeelewa. Treni nzima ilinyamaza kutoka Kinning Park hadi Kelvinbridge, watu wakingoja jibu la mwanamume yule. Hector akachomoa kichwa dirishani, akakohoa, akasema, "Kanada kuna baridi sana."

Bi Purdie akashuka akaenda zake kwa miguu. Wiki nzima hakupanda treni yetu.

Nilipomshika Hector koo kwenye kantini siku ile, akaniapia kwamba atasema. Tangazo lilikwisha kutoka kuwa reli itafungwa mwishoni mwa Mei. "Siku ya mwisho, Ina. Mzunguko wa mwisho. Nimeshaipanga sentensi." Nikamwambia ngoja ngoja huumiza matumbo. Akasema mambo ya heshima yanataka siku yake.

Siku hiyo haikuja. Nyufa zikaonekana darini kituo cha Govan Cross, na reli ikafungwa wiki moja kabla. Jumamosi tulipaki treni, Jumatatu tukaambiwa tukae nyumbani. Hector akaja mlangoni kwangu, kofia mkononi, sentensi ingali kooni.

"Imekwisha, Ina. Nitamwona wapi sasa?"

"Juu ya ardhi, mwanamume we! Watu wote huonana huko."

Nikapanga mimi mwenyewe. Jumanne, saa sita mchana, mkahawa wa Bwana Tedeschi pale Kelvinbridge. Hector alinishika mkono nisimwache, kwa hiyo tukaketi watatu: Nettie na gauni la kijani, Hector na tai iliyomkaba, na mimi kama mshenga wa kukodi. Chai ikaletwa. Pai za nyama zikaletwa. Hector akatazama pai yake. Nettie akamtazama Hector. Dakika kumi zikapita, kisha ishirini. Nilimpiga teke chini ya meza, akasema "Samahani" kwa meza.

Sikuwahi kumwonea mtu huruma na hasira kwa pamoja kiasi kile. Alikuwa na mchana mzima mbele yake, hakuna wa kumkatiza, na hakuna alichoweza kusema.

Nettie akaweka kikombe chini. "Hector, wewe huzungumza vizuri ukijua unaondoka. Basi tuondoke. Wewe shika njia yako kulia, mimi nashika yangu kushoto, kituo kwa kituo, huku huku juu. Tutakutana Kinning Park. Una nusu ya duara ya kujipanga. Ukifika, sema ulichonacho. Kama huna, niambie huna, nikafunge sanduku langu."

Akajifunga kitambaa kichwani, akatoka. Nje mvua ilikuwa imeanza.

"Twende," Hector akaniambia, uso umemrudia rangi. "Njia hii naijua kama kiganja changu. Miaka ishirini na minne!"

Aliijua, ndiyo, lakini chini. Tulipofika penye kituo cha St George's Cross, alisimama akaduwaa. Juu ya njia yake ya siku zote walikuwa wamebomoa mitaa na kupitisha barabara kuu ya magari, na yeye hakuwa na habari. Alikuwa akipita chini yake mara kumi na tano kwa siku.

"Hapa kuna kona," akasema, kama mtu aliyedhulumiwa.

"Juu kuna kona, Hector. Ndivyo kulivyo."

Tukaingia kushoto, kukawa ukuta. Tukaingia kulia, tukarudi tulipotoka. Hector akamsimamisha mzee mmoja aliyebeba gazeti kichwani kujikinga mvua. "Samahani, baba, Cowcaddens ni wapi?"

"Panda treni ya chini, mwanangu. Kituo kimoja tu."

"Imefungwa."

"Tangu lini? Na dereva wao yule mrefu kakwenda wapi, yule anayemtongoza bibi wa upande wa pili?" Mzee akamkodolea macho. "Ala! Si wewe huyu? Umeshamwambia?"

"Ndiyo ninakwenda kumwambia."

"Basi unakwenda siko, mjomba. Huko ni hospitali ya macho."

Alituonyesha njia, nasi tukapotea tena. Saa nane na nusu tulikuwa Buchanan Street, saa tisa tunavuka daraja la mto Clyde, viatu vyangu vimejaa maji, na Hector midomo ikimcheza akirudia sentensi yake. Bridge Street tuliipata kwa bahati. West Street hakukuwa na mtaa, kulikuwa na uwanja wa matofali na mbwa. Tulifika Kinning Park saa kumi kasoro robo. Geti lilikuwa limefungwa kwa mnyororo, pametundikwa tangazo, na hapakuwa na mtu.

Hector akasoma tangazo mara mbili, kana kwamba Nettie angekuwa ndani yake. Kisha akaketi juu ya ngazi.

"Kafika, kangoja, kaenda," akasema. "Ndiyo haki yangu, Ina. Nimemngojesha miaka sita, kwa nini angoje saa mbili zaidi?"

Nami niliyekuwa nimemsimanga tangu Januari nikaketi kando yake. Mvua ilimpiga usoni, hakuifuta. Nilikumbuka kengele zote nilizopiga, elfu na elfu, na nyingine nilizipiga mapema kwa sababu ya njiwa wa Sproul. Ningeweza kuwapa sekunde tano zaidi. Nani angenilaumu? Nililia kidogo, nikasingizia mvua.

"Twende kwake," nikasema.

"Sipajui kwake. Sikupata nafasi ya kumuuliza." Akasimama. "Lakini kama hajafika, basi yuko njiani anakuja upande huu. Nikienda mbele nitakutana naye."

"Na kama alishafika akaondoka?"

"Nitakwenda mbele vilevile. Sijui kurudi nyuma, Ina. Sijawahi."

Tukaenda mbele. Cessnock, hayupo. Copland Road, hayupo. Govan Cross mafundi walitukaribisha tutazame nyufa, nikawaambia tuna zetu. Kuvuka mto pale hakuna daraja, kuna handaki la waendao kwa miguu, na tulipoingia mle nikaona ajabu. Hector akanyooka mgongo. Hatua zikawa za kijana. Katikati, chini kabisa ya mto, akavua kofia na kupaza sauti hadi vigae vya ukutani vikaitika:

"Nettie Cairns! Mimi si mtu wa maneno, lakini kila nikitoka Kinning Park naanza kuhesabu vituo hadi Kelvinbridge! Miaka sita sijawahi kuchoka kukuona! Usiende Kanada!"

Kijana mmoja mwenye baiskeli akatupita kasi. "Mwambie yeye, mjomba, si ukuta!"

"Ndivyo ninavyomwambia tangu Januari," nikasema.

Tulipotoka kwenye mwanga upande wa pili, sauti ikamkauka tena. Merkland Street. Partick Cross. Hillhead. Hayupo, hayupo, hayupo. Kila kituo kilimwinamisha Hector bega kidogo. Saa kumi na mbili kasoro tano tulisukuma mlango wa mkahawa wa Tedeschi, kwa sababu ndipo duara lilipotufikisha na kwa sababu mimi nilihitaji choo.

Nettie alikuwa pale pale mezani. Alikuwa mkavu, tena kabadilisha gauni.

"Umechelewa," akasema.

Hector alishikilia fremu ya mlango. "Hukuja Kinning Park."

"Nilifika Hillhead, mvua ikanichapa, nikageuka. Nikajisemea, huyu bwana miaka sita sijaona amekwenda mahali asirudi. Nikaenda nyumbani, nikala, nikalala kidogo. Saa kumi na moja nikaja kukungoja." Akaviona viatu vya Hector. "Hector! Umezunguka yote?"

"Yote."

Bwana Tedeschi alikuwa akipandisha viti juu ya meza. "Jamani, nafunga. Dakika moja."

Nilimwona Hector akisikia neno hilo. Kidevu kikanyanyuka, na sentensi ikatoka nzima, kwa pumzi moja, kwa sauti iliyosimamisha watu barabarani: "Nettie, usiende Kanada, nataka nikuoe."

Nettie akainamia kitambaa cha meza.

"Siendi," akasema. "Nilimwandikia dada yangu Februari kwamba siendi."

"Februari!"

"Tarehe nane."

"Na mbona hukuniambia?"

"Mbona hukuniuliza?"

Hector akashusha kiti kimoja kutoka mezani, akakaa, akafunika uso kwa kofia yake iliyolowa, mabega yakimtikisika. Nettie akazunguka meza, akapiga magoti pale sakafuni, akaanza kumfungua kamba za viatu. Bwana Tedeschi akageuza kibao cha mlangoni, kisha akaenda kuweka maji ya chai jikoni. Nami nikakaa peke yangu pembeni, nikavua vya kwangu.