Aliyepogoa Ndiye Huonja Kwanza

Marcelina aliitia zabibu mdomoni, na watu arobaini wakaacha kuzungumza.

Alikuwa amesimama kwenye ngazi fupi nyuma ya ukumbi wa nyumba za kaunsili, yaani za halmashauri, Tottenham, mbele ya ukuta unaopata jua kutwa. Yaani lile jua la London la Septemba, ambalo mtu wa Dodoma huliona kama salamu tu. Mzabibu ulifunika ukuta wote. Ndoo zilikuwa zimepangwa, mikasi imegawiwa, meza ya chakula imefunikwa. Rupinder wa ofisi ya nyumba alikuwa ameinua simu, tayari kupiga picha.

Mzabibu ulikuwa wa Mama Elvira, bibi wa miaka themanini na mmoja aliyeketi hapo chini kwenye kiti cha magurudumu. Aliupanda mwaka aliohamia hapa, kama walivyofanya watu wote wa mji wao mdogo wa mvinyo kule Argentina. Kwao, alisema, mavuno hayaanzi kwa kalenda. Aliyepogoa wakati wa baridi ndiye huonja kwanza. Padri husubiri, na mwenye shamba naye husubiri. Mwonjaji akisema ndiyo, kengele hupigwa. Akisema bado, watu hurudi makwao na matarumbeta yao.

Na mwaka huu aliyepogoa alikuwa Marcelina, msafishaji wa korido. Februari, vidole vya Mama Elvira vilipokataa mkasi, aliutwaa yeye. Alikata bila huruma, akaacha macho mawili tu ya kuchipukia kwa kila tawi, kama baba yake alivyomfundisha huko Hombolo, Dodoma. Majirani wakalalamika kwamba mfagiaji kaua mti. Yeye aliendelea kupiga deki. Mti ukamjibia kwa machipukizi.

Sasa alitafuna taratibu. Utamu ulikuwapo, lakini ganda liliacha ukakasi ulimini, na mbegu alizotemea kiganjani zilikuwa za kijani bado. Siku kumi zaidi, labda kumi na mbili.

"Unasemaje?" aliuliza Mama Elvira, kwa Kiingereza chake cha kuchechemea.

Marcelina alitazama nyuso zile. Watu walikuwa wameomba ruhusa kazini. Hombolo zabibu ziliiva siku lori la mnunuzi lilipofika; baba yake alivuna huku roho inamuuma, na hakuna aliyewahi kumuuliza ladha. Leo binti yake ameulizwa, mbele ya ofisi inayomlipa mshahara.

"Mum, just say yes," alinong'ona Angel, bintiye wa miaka kumi na saba, aliyekuwa ameishika ngazi. "Everyone's here."

"Hazijaiva, mwanangu."

"They look fine."

"Kwa sura, ndiyo. Shika hii, itafune mpaka mbegu."

Angel alitafuna. Uso ukamkunjamana, na hakubisha tena.

Marcelina akapiga moyo konde. "Bado," alisema, kwanza kwa Kiswahili, maana neno zito hutangulia kwa lugha ya nyumbani. Kisha akalisema kwa Kiingereza, wote wasikie.

Minong'ono ikazuka. Waingereza wakishapanga tarehe, hata mvua hutakiwa kutii. Rupinder alishusha simu.

"Lakini tumeandaa kila kitu leo," alisema. "Nani anasema bado?"

Mama Elvira alifungua kinywa, lakini Angel alimwahi. Angel huyo huyo ambaye shuleni, miaka yote, alisema mama yake yuko "in housing" na kuishia hapo, bila kutaja ufagio.

"My mum," alisema kwa sauti. "She cleans here. And she pruned it."

Hakuna aliyecheka. Fahari ilimjaa Marcelina. Rupinder alimtazama kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Basi lini, Marcelina?" aliuliza, safari hii kwa upole.

Marcelina aliinua uso kwenye vichala, akavipitia kimoja kimoja bila haraka, na watu wote wakasubiri.