Beseni Jeupe

Lori la vifaranga wa samaki lilifika ziwani masika yalipopamba moto, likiwa limechelewa saa tatu. Mtunza ziwa alikuwa akilisubiri tangu asubuhi, pembeni yake ndoo, kimia kidogo na beseni jeupe. Kazi aliijua vizuri. Vifaranga humiminwa kwenye beseni kidogo kidogo, wanakaguliwa juu ya ule weupe, perege wanaachiwa ziwani na asiye perege anatolewa. Elfu sita huchukua saa mbili na ushee.

Mvua ilikuwa inapiga kama imetumwa. Dereva alisema barabara ikishateleza haondoki, atalala hapo hapo, tena kitandani kwa mtunza. Mtunza akafungua mifuko, akawamimina wote ziwani kwa mkupuo mmoja, kisha akajaza fomu. Kwenye mstari wa "Wamechambuliwa" aliweka alama ya vema.

Katika miaka kumi na moja hakuwahi kuandika jambo ambalo hakulifanya. Wavuvi walimwita Bwana Rula, maana hakuna samaki aliyetoka mle majini bila kupimwa, na walidai hata mkewe alipimwa kabla ya kuposwa. Jina hilo alilipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Ziwa lenyewe ni dogo, mtu mzima hulizunguka kwa dakika ishirini. Hakuna mto unaoingia. Samaki hufika mle kwa mkono wa mtu tu. Kipupwe kilipoanza, perege wadogo walikuwa wamepungua, na mtunza aliliandika hilo daftarini bila maelezo. Kisha asubuhi moja fundi cherehani mstaafu, ambaye tangu afiwe na mkewe alivua upande wa matete kila siku, alivuta mshipi akatoa kambare. Alicheka, akamwita mtunza aje na rula yake. Sentimita ishirini na sita.

Wengine hawakucheka. Kambare anakula vifaranga wa perege, na kila mmoja alikumbuka kwamba mwaka uliopita fundi alisema mbele ya watu kuwa perege wa hapa hawana ladha, na siku moja atawaletea kambare kwenye mfuko wa suruali. Ulikuwa utani. Sasa ukageuka ushahidi.

Kamati ya wavuvi ilikaa. Mwenyekiti, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alimuuliza mtunza kama vifaranga wa masika walichambuliwa. Mtunza akajibu kwamba fomu ipo kwenye faili. Fomu ilikuwapo kweli, hivyo hakuhitaji kusema uongo wa pili. Fundi akanyang'anywa kadi ya uvuvi.

Kigoda chake kilibaki kwenye matete. Mwenyewe alipita nje ya uzio akienda sokoni, na mtunza alimwamkia kama siku zote. Zamani fundi alikuwa akiitikia, "Marahaba, Bwana Rula. Leo nina urefu gani?" Sasa aliishia kwenye marahaba.

Kiangazi kikali kilipolishusha ziwa hadi magotini, wavuvi walikokota wavu wakatoa kambare kumi na tisa. Mwenyekiti aliutazama ule mrundo, akasema mzee yule mfuko wake ulikuwa mpana. Watu wakacheka. Mtunza alipiga magoti kwenye tope akapima mmoja mmoja. Mdogo kuliko wote alikuwa na sentimita arobaini na moja, mkubwa arobaini na nne. Kambare walioletwa mmoja mmoja wangepishana sana. Hawa walikuwa wa umri mmoja, na umri huo ulianzia siku ya lori. Hakuna mwingine ambaye angezisoma zile namba. Angeweza kufunga daftari akaenda kunawa.

Kesho yake alilipeleka daftari dukani kwa mwenyekiti, akaeleza, akakabidhiwa kadi ya fundi. Kutoka hapo akaenda chumbani kwa fundi. Cherehani ilikuwa imefunikwa kwa kitambaa cha maua. Aliiweka kadi juu yake, akasimulia yote, mvua, dereva na fomu. Fundi alisikiliza huku akipitisha kidole gumba kwenye ukingo wa kadi.

"Ulijua lini?"

"Siku ulipomtoa yule wa kwanza, baba."

"Nilikuita mwenyewe uje umpime."

"Ndiyo."

"Na ukampima."

"Ishirini na sita."

Fundi alitikisa kichwa polepole. "Miezi mitano. Mjukuu wangu anaulizwa shuleni kama babu yake ndiye aliyeharibu ziwa. Nami nikawa namwambia, ngoja, Bwana Rula yupo, atapima, ataona." Akaigeuza kadi. "Kumbe ulishaona."

Mtunza aliomba radhi. Fundi akasema amesikia, akaanza kukunja kitambaa cha cherehani ambacho hakikuhitaji kukunjwa.

Kamati ilimwachia mtunza kazi, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka, lakini ikamwondolea haki ya kutia saini. Saini wakampa fundi. Mwenyekiti aliona hilo ni suluhisho safi.

Masika yakarudi, na lori likaja na mvua yake. Fundi alifika na mwavuli, akaketi kwenye kigoda karibu na beseni, fomu ikiwa ndani ya mfuko wa nailoni. Mtunza alichambua, akiwaweka waliokaguliwa kwenye ndoo. Katika beseni la nne alimwona mmoja mwenye ndevu, mwembamba kama njiti ya kiberiti, akamtoa. Ilimchukua saa mbili na nusu, dereva akilalamika muda wote. Ndoo sita zikapangwa ukingoni, tayari kwa kumwagwa.

"Hiyo ya tatu uliipitia haraka," fundi alisema. "Rudia."

Mtunza alijua hakuipitia haraka. Alikuwa ametumia dakika ishirini na tano, sawa na nyingine zote, na saa ilikuwa mkononi mwake. Aliifikia ile ndoo, akaimimina kidogo kidogo kwenye beseni, akaanza upya na kifaranga wa kwanza. Dereva akazima injini.