Mlinzi wa Lango la Mvua

Hamamu ya Tatsumi hufunguliwa saa kumi kamili alasiri, na kuanzia saa nane Chigusa huwa amepiga magoti anasugua vigae vya upande wa wanawake. Jumanne moja ya mwezi wa Novemba alijimwagia ndoo ya maji ya moto mgongoni ili kuondoa povu, kama alivyozoea, na maji yakamkwepa. Hayakwenda mbali. Yalisimama upana wa ukucha kutoka ngozini mwake, yakateremka kwa kufuata umbo la mwili wake, yakaingia mferejini. Alijimwagia ndoo ya pili ili ahakikishe. Kisha akaendelea kusugua, kwa sababu povu lilikuwa bado sakafuni na wateja hawapendi kuteleza.

Saa tisa na nusu alimleta mama yake kuoga.

Bi Fusae alikuwa na miaka themanini na mmoja, na kumbukumbu zilikuwa zimemwondokea moja moja: kwanza majina, halafu nyuso, halafu njia ya kwenda chooni. Kilichobaki ni mgongo. Kila siku, kabla wateja hawajaingia, Chigusa alimkalisha kwenye kigoda na kumsugua kwa dodoki, kisha kwa kiganja kitupu, na kiganja kikifika chini ya bega la kushoto Bi Fusae alisema, "Chii, mwanangu, leo mbona umechelewa?" Alisema hivyo hata siku ambazo hakuchelewa. Basi kwa nusu saa wakawa mama na mwana, wakasengenya majirani na kucheka. Mgongo ukishakauka alikuwa akimwita Chigusa "dada wa zahanati" na kumwuliza ataruhusiwa lini kurudi nyumbani. Nusu saa ile ndiyo iliyomfanya Chigusa aamke asubuhi.

Siku hiyo kiganja kilipofika chini ya bega, Bi Fusae alikunja uso.

"We nani?"

"Ni mimi, mama. Chii."

"Chii ana mkono," alisema Bi Fusae. "Wewe una sahani."

Akakataa kusuguliwa.

Mteja wa kwanza siku zote ni Bi Yoshie, aliyewahi kuuza samaki sokoni na ambaye hadi leo anaongea kama mtu anayeshindana na muuzaji wa meza ya pili. Aliingia katika hodhi, akamtazama Chigusa aliyekuwa anapanga mabeseni katikati ya mvuke, akavaa miwani yake.

"We Chigusa, una maandishi hapo juu ya kichwa."

Ni kweli. Mvuke ulikuwa umeganda juu ya ganda lisiloonekana lililomzunguka, na karibu na paji la uso ulikuwa umeacha herufi.

"Yanasemaje?"

"'Mlinzi wa Lango la Mvua. Moja pekee. Kumi juu ya kumi.' Halafu tarakimu nyingi, kama namba ya simu ya serikali." Bi Yoshie akavua miwani. "Hongera basi. Mimi shuleni sikuwahi kupata kumi hata ya kuimba."

Chigusa alielewa papo hapo, na hasira ikampanda.

Alipokuwa na miaka kumi na mmoja alishinda mashindano ya taifa ya Falme Tisa, mchezo wa karata za mazimwi na wachawi uliowala watoto wote wa Japani mwaka ule. Mvulana aliyeshindwa naye katika fainali alilia mbele ya kamera. Zawadi ilikuwa karata moja, iliyochorwa kwa ajili yake na kuchapwa mara moja tu: msichana mwenye pengo la jino, amesimama langoni ameshika beseni la hamamu, na nyuma yake mvua inasubiri ruhusa yake. Uso ulikuwa wake, na pengo pia. Beseni lilikuwa na mkwaruzo uleule wa beseni la nyumbani.

Hakuwahi kuicheza. Bwana Okumura, aliyekuwa na duka la karata chini ya reli, alisema mikono ya watoto ina jasho, na kwamba yeye ataitunza. Akaandika karatasi: karata imeachwa dukani kwa hiari ili itunzwe. Bi Fusae akapiga muhuri wake wa jina, akainama kushukuru. Njiani Chigusa alilia mpaka kamasi zikamtoka, na mama yake akamfuta kwa leso. "Ungeishika ingeingia doa," alimwambia. "Vitu vizuri haviguswi, Chii."

Karatasi ile haikutaja siku ya kurudisha. Hakuna aliyeuliza, kwa sababu kumwuliza mtu mwema atarudisha lini ni sawa na kumwita mwizi, na mtaani kwao mtu akikutunzia kitu unampelekea machungwa mwisho wa mwaka. Bi Fusae alipeleka machungwa miaka kumi na saba. Chigusa alikuwa akisimama nje ya kioo cha duka akijitazama kwenye karata, kwanza na mkoba wa shule, baadaye na vikapu vya sokoni. Heshima si utumwa, husema watu. Wanaosema hivyo hawakubeba yale machungwa. Okumura akafa, mpwa wake akauza vitu vyote vya dukani kwa mpigo, na karata ikaenda, na karatasi yake ikaenda nayo.

Daktari wa zahanati ya mtaa alimpima Chigusa presha juu ya ganda, akaona ni nzuri. Alimshauri asikae karibu na jiko. Chakula kilimwingia, kama mwanga unavyoingia kwenye plastiki, lakini joto lake lilibaki nje, na supu ya miso ikawa habari tu ya supu. Haya yote aliyavumilia. Kilichomchoma ni saa tisa na nusu, kwa kuwa kila siku Bi Fusae alikaa kwenye kigoda, akangoja mkono, akapata sahani, akaomba radhi kwa upole kwamba anamngoja binti yake.

Wiki ya pili Bi Yoshie alileta gazeti alilofungiwa samaki. Kwenye ukurasa wenye magamba kulikuwa na picha ya daktari wa meno wa Ashiya, Kitazono, ameshika karata iliyofungwa ndani ya kasha la plastiki nene. Wakaguzi walikuwa wameitazama kwa lenzi siku tatu, wasione kosa, wakaipa kumi juu ya kumi na kuifunga kwa joto ili isiguswe tena na mtu yeyote. Tarehe ya kufungwa ilikuwa Jumanne ile.

"Nenda kamwambie," alisema Bi Yoshie. "Ukishindwa kwa maneno, nipigie simu nije na kisu changu cha jodari."

Chigusa alipanda treni kwenda Ashiya. Kitazono alifungua mlango mwenyewe, amevaa glavu nyeupe. Alipomwona aliinama chini sana na kukaa hivyo muda mrefu, jinsi watu wanavyoinama hekaluni.

"Pengo limeziba," alisema alipoinuka. "Ila macho ni yaleyale."

Alimkaribisha katika chumba ambacho hewa yake ilikuwa inapimwa na mashine. Karata ilikuwa mezani juu ya kitambaa cha buluu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu utotoni Chigusa kuiona bila kioo cha duka katikati, na bado kulikuwa na kitu katikati.

"Daktari, naomba ulivunje hilo kasha."

"Samahani sana, mama. Nikilivunja haitakuwa kumi tena. Itakuwa karata tu."

"Ndicho ninachotaka."

"Nakuelewa." Kitazono akavuta droo, akatoa karatasi ya Okumura, ikiwa nayo ndani ya plastiki. Muhuri mwekundu wa Bi Fusae haukuwa umepauka hata kidogo. "Hapa imeandikwa itunzwe. Haikuandikwa mpaka lini. Okumura alitunza awezavyo, ila alikuwa anavuta sigara. Mimi sivuti."

"Mama yangu ananijua kwa mkono. Hana njia nyingine. Anakaa ananingoja na mimi niko nyuma yake."

"Pole sana," alisema Kitazono, na alimaanisha. Aliweza kusikitika na kukataa kwa pumzi moja, kama mtu anavyoweza kutafuna na kuangalia saa. "Lakini hebu jitazame. Miaka thelathini na sita, huna kovu wala kipele. Maji hayakugusi, vumbi halikugusi. Wagonjwa wangu wangelipa nini kupata ulinzi huo? Uko salama kabisa."

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Chigusa alichukua kasha mezani kwa mikono miwili na kulibamiza ukutani kwa nguvu zote alizokuwa akisugulia vigae miaka kumi na tano.

Kasha liligonga ukuta, na yeye akarushwa kwenye ukuta wa upande wa pili, akaangusha kabati la vikombe. Hakuumia. Alikaa katikati ya vigae vya kaure, hajachubuka popote, na juu ya bega lake la kulia, hewani, kulikuwa na mkwaruzo mdogo mweupe. Kitazono aliokota kasha na kulitazama kwa lenzi. Karata ilikuwa nzima. Kasha lilikuwa na mkwaruzo uleule.

Hakukasirika, na hilo ndilo Chigusa hatamsamehe. Angepiga kelele wangekuwa watu wawili chumbani. Badala yake aliinama tena, akaomba radhi kwa kuiweka karata mahali ambapo mkono ungeweza kuifikia, akamsindikiza mpaka kituoni na kumnunulia keki ya chestinati ya kupeleka nyumbani.

Usiku huo huo Kitazono alisugua kasha kwa dawa ya meno na kitambaa laini. Chigusa, akiwa mbele ya kioo cha hamamu anafunga hesabu za taulo, aliona mkwaruzo wa bega ukififia mpaka ukaisha. Siku ya nne daktari akaiweka karata, na kasha lake, ndani ya kasha la pili, la unene wa kidole. Chigusa alikuwa jikoni kwa tanuri anatia kuni. Mlio wa moto ulirudi nyuma, kana kwamba mtu amefunga mlango wa chumba cha jirani taratibu ili asiamshe wenye nyumba. Sauti za watu nazo zilirudi nyuma. Sauti yake mwenyewe ilibaki ndani, haikutoka.

Tangu hapo Bi Fusae alikataa hata kukaa kwenye kigoda akimwona. Ilibidi Bi Yoshie awahi kuja saa tisa na nusu. Alimsugua mgongo yule bibi kwa mikono yake mikubwa ya kupasulia samaki, na siku ya tatu, kiganja kilipopita chini ya bega la kushoto, Bi Fusae akalainika.

"Chii, mwanangu, leo mbona umechelewa?"

Bi Yoshie alimgeukia Chigusa aliyesimama na dodoki mkononi. Chigusa aliitikia kwa kichwa kumwambia aendelee.

"Foleni, mama," alisema Bi Yoshie. "Foleni sokoni."

"Na yule mwenye duka la mchele, bado anavaa nywele za bandia?"

"Bado."

Wakacheka. Walisengenya nusu saa nzima, na Chigusa aliona midomo yao tu na kukisia.

Kitazono alianza kuja hamamuni Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi. Alilipa kiingilio kama kila mtu, akaoga upande wa wanaume, kisha akatokea ukumbi wa mbele, palipo na benchi na friji la maziwa ya kahawa, akamwomba Chigusa ruhusa na kumzunguka na lenzi yake. "Hakuna doa," alisema kila mara, na watu waliokuwa kwenye benchi walifurahi naye, kwa sababu ni jambo zuri mtaa kuwa na kitu cha kumi juu ya kumi. Wengine walianza kuja kutoka mbali. Wateja waliongezeka. Mwisho wa mwaka Kitazono alileta machungwa.

Jumatatu ya Februari alifuatana na msichana wa chuo, mchezaji wa Falme Tisa, aliyesafiri kutoka Nagoya. Msichana alimtazama Chigusa, akafunika mdomo, akasema ndiye, kweli ndiye, na akanyoosha kidole polepole kuelekea shavuni mwake.

Bi Fusae alikuwa amekaa kwenye benchi, ameshika chupa ya maziwa kwa mikono miwili. Alikuwa hajasimama bila kushikwa tangu mwaka juzi. Alisimama.

"Usimguse," alisema. "Ataingia doa."

Msichana akarudisha kidole, akainama kuomba radhi.

"Vitu vizuri haviguswi," Bi Fusae alimweleza kwa upole. Akamwangalia Chigusa kuanzia miguuni mpaka kichwani, na kwa mara ya kwanza tangu Novemba akamtabasamia, jinsi mtu anavyotabasamia dirisha la duka lenye kitu asichokuwa na haja nacho. Akakaa. Kitazono alipiga makofi mawili ya kimya ndani ya glavu.

Chigusa alifungua mdomo, akapiga ukelele. Alipiga ukelele kwa ajili ya muhuri na machungwa, na dodoki, na mkono wake mwenyewe uliokuwa unaning'inia hapo ukiwa mzima na msafi. Alipiga mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Kutoka ndani ya makasha mawili, ukelele ulifika ukumbini ukiwa mngurumo mdogo, wa chini, usiokatika.

"Hili friji limeanza tena," alisema Bi Yoshie. Aliinuka, akalipiga teke ubavuni, akasikiliza kidogo, akalipiga tena. Kisha akarudi kwenye benchi kumalizia maziwa yake.