Dumu Juu ya Kebini

Nilimwonya mdogo wangu Sixbert: pampu ya umeme aliyoifunga kwenye pikapu yetu ya Datsun inasukuma petroli kwa nguvu mno, kabureta haitaiweza. Wapi! Tangu serikali iruhusu bidhaa za nje, kila chuma cha mtumba kutoka Dar kwake ni dawa.

Jumapili baada ya misa tukaenda kwenye mbio za magari, barabara ya Namtumbo. Alipopiga stata tu, kabla mbio hazijaanza, kabureta ikafurika, Datsun yetu ikatoa moshi mweusi na kuzima.

“Dada, tujitoe,” akasema.

“Jitoe wewe!”

Niliing'oa ile pampu kwa hasira. Nikafunga dumu la petroli juu ya kebini, nikateremsha mpira hadi kwenye kabureta, kama wafanyavyo madereva wa malori ya tumbaku pampu ikiwafia njiani. Petroli ishuke yenyewe, taratibu.

Watu wakaangua kicheko. Nikamrushia Sixbert ufunguo.

“Endesha!”

Kicheko kilikuwa hakijaisha Datsun ilipovuka mstari wa mwisho, mbele ya wote.

Jumapili iliyofuata, wale waliocheka walikuja na madumu juu ya kebini, huku pampu zao zikiwa nzima kabisa.